Wazee hawasalimiani, nyie mnataka kuoana

Ugomvi wa familia zenu juu ya mpaka wa shamba la zabibu kule Hombolo si pingamizi la ndoa. Naanza na hilo kwa kuwa vijana wengi wa hapa Dodoma hudhani baba akigoma, basi tena. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilidai ridhaa ya mzazi kwa binti wa chini ya miaka 18 tu, na hata kifungu hicho Mahakama ya Rufani ilikikataa mwaka 2019, pamoja na kile kilichoruhusu aolewe akiwa na miaka 15. Mkishafika 18, ridhaa inayohesabika ni yenu wawili.

Ila chungeni shule. Binti wa miaka 19 aliye kidato cha nne bado ni mwanafunzi, na tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumuoa ni jela miaka 30. Familia yenye kinyongo hukijua kifungu hicho kuliko nyie. Subirini amalize.

Kwa ndoa ya bomani mnapeleka taarifa ofisi ya Mkuu wa Wilaya angalau siku 21 kabla: majina, umri, makazi, majina ya wazazi, na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa. Taarifa inatangazwa, na hapo ndipo baba mdogo mwenye hasira huibuka. Linalosikilizwa ni undugu wa karibu, ndoa nyingine iliyo hai, umri, au mmoja wenu kulazimishwa. "Ng'ombe wao walimaliza mtama wetu" halimo. Hata hivyo pingamizi likiwekwa linaweza kuishia mahakamani, na siku 21 zikageuka miezi. Kwa hiyo ukumbi msiulipie mapema. Mashahidi wanatakiwa wawili. Nyie andaeni wa tatu, maana simu za vitisho hupigwa usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Mahari isipolipwa, ndoa haibatiliki. Lakini kwa Wagogo usiishie kwenye sheria, kwani ng'ombe wa mahari si wa baba peke yake: wajomba wa binti nao wana fungu lao. Mimi hapo ndipo ninapoona mlango. Mjomba mara nyingi hana shamba kwenye ule mpaka, na hapendi kukosa ng'ombe kwa ugomvi usio wake. Mshenga aanzie kwake. Awe mtu mzima ambaye hakutoa ushahidi upande wowote na hadaiwi na yeyote kati yao. Barua ya posa, ile inayofungwa kwenye leso na hela kidogo, iseme posa tu. Neno "mpaka" likitajwa humo, hata kwa kuomba radhi, barua imegeuka kesi. Ikirudi haijafunguliwa, mshenga asibishane mlangoni. Aage na arudi baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ghalani.

Shamba lina njia yake: baraza la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu kwa siku 30, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee akipendekeza "tuwape binti, mpaka uishe," kataeni, hata kama binti huyo ni mmoja wenu. Mpaka ukizozaniwa tena, atakayedaiwa ni binti.

Na ile ya "tukikaa miezi sita tumeoana" haipo. Sheria inasema miaka miwili au zaidi, tena majirani wawatambue kama mume na mke, na hata hapo ni dhana tu inayoweza kupingwa mahakamani.