Wavel Ramkalawan: tunayoyasema na yaliyokuwa kweli

Ushelisheli ni jirani yetu katika Bahari ya Hindi, na askari wa Tanzania waliwahi kupelekwa huko kuilinda serikali ya France-Albert René baada ya mapinduzi ya Juni 1977. Hata hivyo siasa zake tunazisikia siku ya matokeo tu, na ndiyo maana mengi yanayosemwa kuhusu Ramkalawan, aliyekuwa rais wake kuanzia 2020 hadi 2025, yamepinda.

Dhana: Aliibuka ghafla mwaka 2020.

Watu walimwona akiapishwa Oktoba 2020 wakadhani ni sura mpya. Huyu ni padri wa Kianglikana aliyepata daraja mwaka 1985, nchi ikiwa bado chini ya chama kimoja. Vyama vingi viliporudi, aliingia Bunge la Taifa mwaka 1993. Upinzani wa Muungano, alikokuwa, ulipata kiti kimoja tu kati ya 33, nacho kilikuwa miongoni mwa viti vinavyogawiwa kwa uwiano wa kura za chama. Kiti hicho kilikuwa chake. Hebu fikiria kusimama kila kikao mbele ya wabunge wengi wa chama tawala, huna hata mwenzako wa chama wa kukuunga mkono.

Urais aliugombea mara tano akashindwa mara tano: 1998, 2001, 2006, 2011 na 2015. Ile ya 2015 ndiyo iliyouma kuliko zote. Duru ya pili ilifanyika Desemba, naye akaachwa na Rais James Michel kwa kura 193. Katika nchi yenye watu wapatao laki moja, hao ni watu wa mtaa mmoja.

Dhana: Kiongozi wa upinzani hana meno.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Septemba 2016 muungano wake wa vyama vya upinzani, LDS, ulishinda viti 19 kati ya 33. Rais alibaki wa chama kingine, kwa hiyo Ramkalawan akaendelea kuitwa Kiongozi wa Upinzani huku akiongoza upande wenye wabunge wengi. Michel alitangaza kujiuzulu mwezi huohuo na makamu wake, Danny Faure, akachukua nafasi. Kwa miaka minne Ikulu ililazimika kubisha hodi bungeni.

Mfano mzuri ni kisiwa cha Assumption. Serikali ilikubaliana na India kujenga kituo cha kijeshi huko. Mwaka 2018 LDS ilikataa kuuridhia mkataba huo, ukakwama. Kuna wanaosema mtu huyu, kwa kuwa ukoo wake una asili ya Bihar, jimbo la India, angeikabidhi India visiwa. Kumbukumbu za bunge zinaonyesha kinyume chake.

Dhana: Siasa za visiwa vya utalii ni za upole.

Oktoba 2006, katika maandamano ya kupinga sheria iliyozuia vyama vya siasa kumiliki redio, polisi walimpiga akaumia kichwani. Hayo yalitokea nje ya Bunge lenyewe alimokuwa Kiongozi wa Upinzani.

Dhana: Kususia uchaguzi wa 2011 kulikuwa ushujaa.

Sikubaliani. Chama chake cha SNP kiliposusia uchaguzi wa wabunge, chama tawala kilibaki karibu peke yake bungeni, naye akawa nje hadi 2016. Hasira yake ilikuwa na sababu, lakini mtu aliyejengwa na kiti kimoja cha 1993 alipaswa kujua thamani ya kiti.

Dhana: Aliposhinda, kazi iliisha.

Mwaka 2020 alipata asilimia 54.9, na upinzani ukaingia Ikulu kwa kura kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1976. LDS ikachukua viti 25 kati ya 35. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2025, wapiga kura walewale walimpa Patrick Herminie asilimia 52.7 katika duru ya pili. Ramkalawan akakubali matokeo na kukabidhi madaraka.

Herminie naye hakutoka mbali. Alikuwa Spika kuanzia 2007 hadi 2016. Ramkalawan alipokuwa akinyanyuka kuomba nafasi ya kusema miaka ile, kabla ya kususia 2011, mtu wa kumpa au kumnyima alikuwa huyohuyo aliyekuja kupokea Ikulu kutoka kwake.