Uhamishaji wa mafaili unaojiendesha: maana yake na unavyofanya kazi

Uhamishaji wa mafaili unaojiendesha ni kuiachia kompyuta kazi ya kupeleka mafaili kwenye kompyuta nyingine kwa saa iliyopangwa, bila mtu kukaa mbele yake. Amri ambazo ungezichapa mwenyewe kila siku unaziandika mara moja kwenye faili dogo la maandishi, yaani skripti, kisha unaipa kompyuta ratiba ya kuziendesha.

Kunakili ni sehemu rahisi. Mtu anaponakili faili kwa mkono wake, huwa anafanya na kazi nyingine bila kuifikiria: anaangalia kama limefika, akiona limekatikia njiani anarudia, likigoma kabisa anapiga simu. Skripti haiangalii chochote ambacho hukuiagiza ikiangalie. Wengi huandika sehemu ya kunakili, wakaridhika, na miezi kadhaa baadaye wakakuta folda ya upande wa pili haijapata faili jipya tangu zamani.

Chukua duka la jumla lenye tawi Mbeya na ofisi kuu Dar es Salaam. Kila jioni keshia wa Mbeya ananakili mauzo ya siku na kuyatuma kwa barua pepe. Akiugua, hayaendi. Akichagua faili la jana, hesabu za ofisi kuu zinavurugika. Kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ulivyo Windows, kazi yake yote inaingia kwenye mstari mmoja wa amri ya rsync (seva ni kompyuta ya ofisi kuu inayopokea):

rsync -az --partial-dir=.nusu /home/duka/mauzo/ ofisi@seva:/data/mauzo/

Programu ya rsync ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, na mpaka leo ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo. Kabla ya kutuma, inalinganisha. Faili ambalo ukubwa wake na saa lilipobadilishwa ni vilevile pande zote mbili, inaliruka. Lililobadilika, upande wa kupokea hukata nakala yake ya zamani vipande vipande, ukapiga hesabu ya kila kipande na kutuma majibu tu. Upande wa kutuma unayalinganisha na faili lake jipya, na sehemu zilizotofautiana ndizo zinazosafiri. Faili la maandishi la megabaiti 200 lililoongezewa mistari ya leo halitumwi lote upya. Anayelipia bando ataona tofauti.

Katika amri ile, -a inabeba folda na vyote vilivyomo pamoja na tarehe zake, na -z inabana data wakati wa kusafiri. --partial-dir=.nusu ni ya siku intaneti inapokatika katikati: kilichokwisha kufika kinawekwa kwenye folda iitwayo .nusu, na safari inayofuata inaendelea kutoka hapo. Mhasibu wa Dar es Salaam hafungui kamwe faili lenye nusu ya mauzo, kwa sababu faili huonekana kwa jina lake halisi likishakamilika.

Angalia pia ule mkwaju (/) mwishoni mwa /home/duka/mauzo/. Ukiwepo, kinachopelekwa ni vilivyomo ndani ya folda. Usipokuwepo, folda yenyewe inapelekwa, na upande wa pili unapata mauzo ndani ya mauzo. Na chaguo la --delete, ambalo hufuta kule kisichopo huku, usiliguse kabla ya kujaribu amri yako kwa kuongeza -n, inayoonyesha kitakachotokea bila kutenda lolote. Kumbuka faili likiharibika Mbeya, uharibifu nao utapelekwa Dar es Salaam kwa uaminifu uleule, hivyo tunza nakala za siku zilizopita mahali pengine.

Nenosiri halikai ndani ya skripti. Zamani mafaili yalihamishwa kwa FTP, itifaki (kanuni za kompyuta kuwasiliana) iliyoanza mwaka 1971, ambayo hupitisha nenosiri wazi mtandaoni. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alitoa SSH, njia ya kuunganisha kompyuta inayoficha kinachopita, baada ya wizi wa manenosiri kwenye mtandao wa chuo chake, na rsync hupita humo. Badala ya nenosiri, unatengeneza jozi ya funguo, yaani mafaili mawili ya utambulisho, kwa amri ya ssh-keygen: wa siri unabaki kwenye kompyuta ya duka, wa wazi unawekwa kwenye seva. Akaunti hiyo ya seva ipewe ruhusa ya folda ya mauzo tu, maana anayeiba kompyuta ya duka anaondoka na ufunguo.

Ratiba huwekwa na cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa saa zake, kwa mstari unaotaja dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, kisha skripti ya kuendesha (hapa tuma.sh, yenye amri yetu ya rsync):

45 19 * * * /home/duka/tuma.sh

Hiyo ni kila siku saa mbili kasorobo usiku, maana cron huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa makusudi sikuchagua saa nane za usiku. Kompyuta ya duka huzimwa wakati wa kufunga, na cron ya kawaida hairudii kazi iliyopitwa na saa yake. Na kama ratiba iko kwenye seva ya kukodi, mara nyingi saa yake iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3, kwa hiyo mstari huohuo utafanya kazi saa tano kasorobo usiku. Kwenye Windows, robocopy (ya kunakili) na Task Scheduler (ya ratiba) hufanya kazi kama hii baina ya folda zilizoshirikishwa.

Sasa yale macho ya mtu anayeangalia kama faili limefika. Kila programu ikimaliza huacha namba. Kwa rsync, 0 ni salama, nyingine yoyote ni hitilafu:

if rsync -az --partial-dir=.nusu /home/duka/mauzo/ ofisi@seva:/data/mauzo/
then date >> /home/duka/imefika.txt
else date >> /home/duka/imekwama.txt
fi

Hii inasaidia, lakini haitoshi. Kompyuta iliyozimwa haiwezi kuandika kwamba imekwama. Ndiyo maana ukaguzi wa kweli unakaa upande wa kupokea: skripti ya pili, kwenye seva, inayotazama kila asubuhi kama kuna faili la mauzo lililoingia ndani ya saa 24 zilizopita, na lisipokuwepo inamtumia mhasibu ujumbe aipigie Mbeya simu kabla hajafunga hesabu.