Mwandishi huru: huru na nani?

Kiswahili kina majina mawili ambayo tunayachanganya kila siku. Mwandishi wa kujitegemea ni yule asiye na ajira ya kudumu: anapeleka habari kwa mhariri, ikitoka analipwa, isipotoka nauli imekwenda. Hana bosi mmoja, ila ana wahariri watano wa kuwabembeleza. Mwandishi huru, kwa maana inayotumika Marekani siku hizi, ni mtu mwingine. Huyu hamuuzii mhariri. Anaandika na kuchapisha mwenyewe, na wanaomlipa ni wasomaji. Kwa hiyo ukimsikia mtu anajiita huru, muulize kwanza chakula chake kinatoka wapi.

Watu hudhani mtindo huu umeletwa na intaneti. Sivyo. Mwandishi wa habari Mmarekani, I. F. Stone, alikuwa akiandikia gazeti la Daily Compass la New York, nalo likafungwa mwishoni mwa 1952. Zilikuwa zama za Seneta Joseph McCarthy, aliyewasaka walioshukiwa kuwa wakomunisti, na mtu wa mrengo wa kushoto kama Stone milango ya magazeti makubwa ilimfungia. Januari 1953 akaanzisha jarida lake Washington: kurasa nne, dola 5 kwa mwaka, bila tangazo hata moja. Mkewe, Esther, alishika hesabu na orodha ya waliolipia. Walianza na wasomaji wapatao 5,300. Alipolifunga mwishoni mwa 1971 walikuwa kama 70,000.

Lakini kilichompa Stone jina ni kusoma, si ukali wa maneno. Alikuwa mzito wa kusikia, tena hakuwa mtu wa kuitwa pembeni na wakubwa kunong'onezwa. Basi akajikita kwenye makaratasi: kumbukumbu za mijadala ya Bunge, ripoti za kamati, viambatisho visivyofunguliwa na mtu. Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi huko Nevada. Mwaka uliofuata Tume ya Nishati ya Atomiki ikatangaza kwamba mtetemo wake haukunaswa zaidi ya maili 200. Dai hilo halikuwa dogo. Kama milipuko ya chini ya ardhi haisikiki mbali, mkataba wa kuipiga marufuku ungesimamiwaje? Stone hakwenda kwa msemaji. Alikwenda kwa wataalamu wa serikali hiyohiyo wanaopima mitetemeko, akaonyeshwa kwamba vituo vyao viliunasa hadi Alaska, zaidi ya maili 2,000. Tume ikalazimika kurekebisha tamko lake. Nukuu ya siri hakuihitaji. Alihitaji nambari na saa chache za kuuliza.

Hapo ndipo tofauti ya habari na uchambuzi inapoonekana. Habari inakwambia serikali imesema nini. Uchambuzi unakwambia kauli hiyo ina uzito gani, ukiipanga na mambo mengine yanayojulikana. Maoni yasiyo na makaratasi nyuma yake ni porojo, hata yakiandikwa vizuri namna gani.

Mbona basi wengi wa waandishi hawa hushika siasa, uchumi na teknolojia kwa pamoja? Chumba cha habari cha kawaida kina dawati kwa kila kimoja, na dawati moja haliingilii kazi ya jingine. Mambo yenyewe hayajui mipaka hiyo. Agosti 2022 Rais Joe Biden alisaini sheria iliyotenga zaidi ya dola bilioni 50 kwa ajili ya viwanda na utafiti wa chipu za kompyuta. Agosti 2025, chini ya Rais Donald Trump, sehemu kubwa ya ruzuku ambazo Intel, kampuni ya kutengeneza chipu, ilikuwa bado haijalipwa iligeuzwa kuwa mtaji, na serikali ikapata karibu asilimia 10 ya kampuni hiyo. Hiyo ni habari ya dawati gani? Mtu anayeandika peke yake hana haja ya kugombea.

Tuje kwenye fedha. Substack, jukwaa lililoanzishwa San Francisco 2017, humwezesha mwandishi kutuma makala kwa barua pepe na kukusanya ada. Lenyewe linachukua asilimia 10. Wasomaji 1,000 wakilipa dola 5 kwa mwezi, hizo ni 5,000. Jukwaa linakata 500, kisha kuna makato ya malipo ya kadi. Kinachobaki ni mshahara wa heshima. Ila nyumba ni ya kupanga. Miongoni mwa wawekezaji wakubwa wa Substack ni Andreessen Horowitz, kampuni ileile yenye hisa katika biashara nyingi za teknolojia ambazo mchambuzi huru anatakiwa azikosoe. Sisemi kwamba mwenye nyumba anapiga simu. Nasema mpangaji anamjua mwenye nyumba wake.

Bosi mwingine ni msomaji, na huyu sijui kama namwogopa kidogo au sana. Aliyelipa kwa kuwa ulimponda mwanasiasa fulani atataka umponde tena wiki ijayo. Ukiandika kwamba safari hii mwanasiasa huyo ana haki, ada zinapungua, na unaona zinavyopungua siku hiyohiyo kwenye skrini. Mhariri mbaya alikuwa akikunyamazisha. Msomaji mwenye mapenzi anakugeuza kasuku, nawe unafurahia.

Sasa jaribu ile maana ya mwanzo, ya mwandishi huru anayelipwa na wasomaji, kwa mwandishi Mmarekani Bari Weiss. Julai 2020 alijiuzulu kwenye gazeti la New York Times, akaanza kuandika kwenye Substack, na jarida lake likakua hadi kuwa chombo kizima, The Free Press. Oktoba 2025 Paramount, kampuni inayomiliki televisheni ya CBS, ilikinunua, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 150 hivi, na yeye akafanywa mhariri mkuu wa CBS News. Wasomaji wa The Free Press wanaendelea kulipa ada kama zamani. Bosi wake sasa ni Paramount.