Mshale Mwepesi Wenye Kasi au Mshale Mzito: Hesabu ya Mwindaji wa Upinde

Kwenye maduka ya pinde huko Marekani, tarakimu inayovuta macho kuliko zote ni kasi: futi 320, 330, 340 kwa sekunde. Mnunuzi mgeni huitazama hiyo kwanza, na mara nyingi huishia hapo. Ni vyema ajue inavyopatikana. Upinde wa kapi, yaani ule wenye vigurudumu kwenye ncha zake, hukazwa hadi nguvu ya kuvuta ya ratili 70, huvutwa inchi 30, kisha hurusha mshale wa greni 350 tu. Greni ni kipimo cha uzito wa mishale, greni 15.4 hufanya gramu moja, kwa hiyo mshale huo una gramu 22.7. Mtu anayevuta inchi 28 kwa upinde wa ratili 60, na mshale wenye chembe ya kuwindia, yaani kichwa chenye makali, hataifikia kasi hiyo. Wala hana haja ya kuifikia.

Makala haya yanawahusu hasa wasomaji wanaoishi kwenye nchi ambako uwindaji wa upinde ni halali kwa mwenye leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania kila uwindaji unafuata Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Uingereza huruhusiwi kabisa kuwinda mnyama kwa upinde. Colorado, jimbo la Marekani, unaruhusiwa, lakini upinde usipungue ratili 35, na chembe iwe na upana wa angalau inchi 7/8 na makali mawili ya chuma. Kila jimbo lina masharti yake. Yasome kabla hujanunua chochote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Risasi ya bunduki hupasua na kutikisa mwili kwa nishati kubwa. Mshale haufanyi hivyo. Mshale unakata. Mnyama hufa kwa sababu makali ya chembe yamekata mapafu, moyo au mishipa mikubwa, damu ikamwishia. Ndiyo maana swali la kwanza si mshale unakwenda mbio kiasi gani, bali utaingia kwa kina gani baada ya kukutana na ngozi, nyama na pengine ubavu, na kama utatokea upande wa pili. Tundu la kutokea, hasa likiwa chini ya kifua, ndilo linaloacha damu ya kufuatia.

Chukua upinde mmoja na mishale miwili. Wa kwanza una greni 350 na unatoka kwa mita 91 hivi kwa sekunde. Wa pili una greni 500, yaani gramu 32.4, na kwenye upinde ule ule unatoka kwa mita 78 hivi. Nishati ya mwendo ya mshale mwepesi ni takriban juli 94, ya mzito juli 99. Karibu sawa, tena mzito umezidi kidogo. Sababu ni kwamba nishati iliyomo kwenye mikono ya upinde uliovutwa ni ile ile. Mshale mwepesi huondoka kabla haujaichukua yote, na inayobaki huishia kwenye mikono na upote, yaani uzi wa upinde, kama mtetemo na kelele. Tofauti kubwa iko kwenye momenta, yaani uzito mara kasi: 2.1 kwa mwepesi, 2.5 kwa mzito, ongezeko la zaidi ya asilimia 20. Momenta ndiyo inayoendelea kusukuma chembe ndani pale nyama inapoizuia.

Basi kwa nini watu wanapenda kasi? Kwa sababu kasi inasamehe kosa moja: kukadiria umbali vibaya. Kosa hilo ni la kweli, hasa porini jioni, mwanga ukiwa hafifu na mnyama amesimama upande wa pili wa korongo. Tuseme umemkadiria kulungu mkia-mweupe kuwa yuko mita 30, kumbe yuko 35. Bila kuhesabu upinzani wa hewa, mshale mwepesi utapiga sentimita 10 chini ya ulipolenga, mzito sentimita 14. Eneo la moyo na mapafu la kulungu huyo lina upana wa sentimita 20 hadi 25. Kwa hiyo ukilenga katikati kabisa, ule wa kwanza unaangukia ukingoni na wa pili unaweza kupita nje. Hapo mwenye mshale mwepesi ana hoja, na hatuwezi kumkatalia.

Lakini angalia kinachotokea kosa likipungua. Ukiwa na kipima umbali cha leza, na ukawa umepima mapema mti ule, jiwe lile na njia wanayopita wanyama, kosa lako halizidi mita mbili. Kwa mnyama aliye mita 32 uliyemdhania yuko 30, mshale mwepesi unashuka sentimita 4 na mzito 5. Faida yote ya kasi imebaki sentimita moja. Kifaa kinachotoshea mfukoni kimekufanyia kazi ambayo ulitaka kuinunua kwa kupunguza uzito wa mshale.

Hoja ya pili ya wapenda kasi ni kwamba mnyama hatapata nafasi ya kukwepa. Hii inahitaji kutazamwa kwa karibu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwa kulungu aliye mita 30, mlio wa upote unamfikia baada ya sekunde 0.09. Mshale mwepesi unafika kwenye sekunde 0.33, mzito 0.38. Hakuna mshale unaoishinda sauti, hata ule wenye kasi inayotangazwa dukani. Kulungu anaposhtuka hakimbii papo hapo. Kwanza anakunja miguu ili ajirushe, na katika kukunja huko mwili mzima unashuka. Mshale uliolengwa vizuri unapita juu ya mapafu au juu ya mgongo. Tiba ni upinde usiopiga kelele, na mshale mzito unautuliza upinde kwa sababu unaondoka na nishati nyingi zaidi. Tiba nyingine ni kumsubiri mnyama atulie. Aliyesimamisha shingo na masikio huku akikutazama, mwache. Anayekula kichwa kikiwa chini, kwa mita 20, ni jambo jingine.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: beba mshale mzito kadiri unavyoweza kuumudu kushuka kwake kwenye umbali unaopiga kweli, si ule unaoutamani. Kwa kulungu, mishale ya greni 400 hadi 500 inatosha watu wengi. Kwa wanyama wakubwa wenye mifupa minene uzito unapanda. Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya miaka mingi barani Afrika na Australia, nyati wakiwemo, anataja greni 650 kuwa kiwango ambacho mshale huanza kuvuka mfupa mzito kwa uhakika zaidi. Hata yeye hauweki uzito mbele ya yote. Anatanguliza uimara wa mshale usiovunjika wala kupinda, kisha kuruka kwake kwa kunyooka.

Usishuke chini ya greni 5 kwa kila ratili ya upinde wa kapi. Upinde wa ratili 60 usirushe mshale wa chini ya greni 300. Chini ya hapo upinde unaumia karibu kama umeachia upote bila mshale: mikono hupasuka, upote hukatika, na vipande huweza kumrukia aliyeushika.

Kuongeza uzito hakuanzii kwenye kununua mishale mipya. Weka mshale kwenye mizani na uhesabu sehemu zake. Wano, yaani kijiti cha mshale, la kaboni la inchi 28 lenye greni 8.5 kwa inchi lina 238. Ongeza chembe ya 100, kishikizo cha chembe cha 15, kitako cha kupachikia upote cha 10, na manyoya matatu ya plastiki ya 7 kila moja: jumla 384, yaani gramu 25 hivi. Sasa badilisha vitu viwili tu, chembe iwe ya 125 na kishikizo kiwe cha shaba nyeupe cha 50. Umefika 444, na uzito wote ulioongezeka uko mbele.

Uzito wa mbele una hesabu yake. Pima wano kutoka kwenye mfuo wa kitako hadi mwisho wa wano, bila chembe. Sawazisha mshale mzima juu ya kidole au ukingo wa rula na uweke alama unapotulia. Toa nusu ya urefu kwenye umbali wa alama hiyo, gawanya kwa urefu, zidisha kwa 100. Mshale wetu wa sentimita 71 hapo mwanzo ulisawazika kwenye sentimita 44, yaani asilimia 12. Baada ya mabadiliko umefika karibu 48, asilimia 17. Kati ya 10 na 15 ndiko wawindaji wengi waliko; ukizidi, mshale unaruka kwa uthabiti lakini unainamisha pua mapema kwenye umbali mrefu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uzito mbele unalilegeza wano. Mshale hautoki kwenye upinde ukiwa umenyooka. Unapinda na kujinyosha kama samaki anayeogelea. Ukakamavu wa wano hupimwa kwa kuning'iniza gramu 880 katikati ya wano lililoegemezwa kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28: likibonyea inchi 0.400 linaitwa 400, likibonyea inchi 0.300 ni 300 na ni gumu zaidi. Ukiongeza greni 60 mbele, wano la 400 lililokuwa linakufaa huenda sasa limelegea, na utahitaji la 350 au 340. Mtu asiyejua hili huona mishale yake mizito inatawanyika, akaulaumu uzito.

Jaribio lake ni rahisi. Tandaza karatasi kwenye fremu, simama mita mbili, piga katikati ukiwa na lengo la kuzuia mshale nyuma yake. Tundu zuri ni la duara, lenye mikato mitatu mifupi ya manyoya ikitoka hapo hapo. Mkia ukipasua juu ya tundu, mshale unapachikwa juu mno kwenye upote au kiegemeo cha mshale kiko chini. Sogeza milimita moja na upige tena. Ukipasua kando, sogeza kiegemeo kushoto au kulia, milimita moja moja vilevile. Mpasuo wa kando ukikataa kuisha, wano halifai kwa upinde huo.

Kisha funga chembe za kuwindia. Chembe yenye makali yasiyokunjika ina mabawa mbele, na hewa huyasukuma kama inavyosukuma manyoya nyuma. Kasi ikiwa kubwa, kosa dogo la mkono linakuzwa. Piga chembe za mazoezi na za kuwindia kwa zamu, mita 20, halafu 30. Zikiangukia sehemu moja, upinde uko sawa. Zisipokutana, usiende porini bado.

Wawindaji wa jamii ya Waata wa upande wa Tsavo zamani walivuta pinde zinazozidi ratili 100 na kupiga ndovu kwa mishale mirefu yenye sumu ya mti wa jamii ya Acokanthera. Kwao mshale ulihitaji kuifikisha sumu mwilini, sumu ikamaliza kazi. Mwindaji asiye na sumu lazima afike kwenye mapafu, kwa hiyo pembe ya kupigia ina uzito sawa na mshale. Subiri mnyama asimame ubavu, au awe amegeuza kidogo kukupa mgongo. Anayekutazama uso kwa uso usimpige.

Usivute upinde usioumudu ili kupata kasi. Keti kwenye kiti, nyoosha upinde kwenye lengo, uvute bila kuuinua juu. Ukishindwa, punguza ratili tano.

Na kabla ya kurusha tena mshale wa kaboni uliokwisha kupiga kitu, ushike ncha zote mbili, ukunje polepole ukiuzungusha, na uuweke karibu na sikio. Ukisikia mchakacho wowote, hata mdogo, au ukihisi unyuzi unakwaruza kidole, uvunje vipande viwili na kuutupa, maana wano lenye ufa hupasukia kwenye mkono ulioshika upinde.