Ulibertari siyo kuichukia TRA tu: dhana potofu tunazozunguka nazo hapa Dar

Kila Kariakoo ikifunga maduka, kama Mei 2023 na tena Juni 2024, lazima utakuta mtu mtandaoni anasema mnaona, kumbe hata Bongo walibertari wapo. Hapana bana. Ulibertari ni falsafa inayosema mtu aachwe huru na maisha yake na mali yake, serikali isimlazimishe ila kwa sababu chache sana. Mfanyabiashara aliyechoka kukimbizana na watu wa kodi, yaani TRA, ana haki ya kulalamika, lakini kulalamikia kodi siyo falsafa, na hii falsafa yenyewe ukiifuata mpaka mwisho itamuudhi huyo huyo mwenye duka. Mimi siyo mlibertari, niseme mapema, ila mtu akipinga kitu basi apinge kile kilichopo.

Dhana inayosikika sana: hawa jamaa wanataka serikali isiwepo kabisa.

Wapo wa hivyo, mchumi wa Marekani Murray Rothbard mmojawapo, aliyeamini hata polisi na mahakama vinaweza kuendeshwa na watu binafsi. Lakini Robert Nozick, mwanafalsafa aliyefundisha Harvard, kwenye kitabu chake cha 1974, Anarchy, State, and Utopia, sehemu nzima ya kwanza anabishana na hao hao wasiotaka serikali. Yeye anataka serikali ndogo, ikulinde usipigwe, usiibiwe, usitapeliwe, mikataba iheshimiwe, basi. Wachumi Friedrich Hayek na Milton Friedman wanairuhusu serikali kufanya zaidi ya hapo. Swali linalowaunganisha ni serikali ina haki ya kumlazimisha mtu kwa sababu zipi, na jibu lao ni kwamba sababu hizo ni chache sana.

Dhana ya pili, na hii ndo inanikera: eti ni falsafa ya matajiri kulinda biashara zao.

Adam Smith, mchumi wa zamani ambaye hawa wanamuona kama babu yao, aliandika 1776 kwamba watu wa biashara moja wakikutana hata kwa starehe tu, maongezi huwa yanaishia kwenye kula njama dhidi ya wananchi au kutafuta namna ya kupandisha bei. Sasa chukua Julai 2025, serikali ilipotoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara 15 zikiwemo za rejareja, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu na saluni. Wapo wafanyabiashara wetu walioshangilia, na sababu zao zinaeleweka. Mlibertari hashangilii hata kidogo, kwake Mchina anayeuza kwa hiari yake na mama wa Mbagala anayenunua kwa hiari yake wamemalizana, serikali inaingia hapo kutafuta nini? Na hasimami hapo, ruzuku za viwanda hataki, ushuru wa kumkinga mzalishaji wa ndani hataki, leseni zinazotolewa chache chache ili wachache wafaidi ndo kabisa. Tajiri anayeishi kwa tenda za serikali hana cha kufurahia humu.

Na kuna kitu wengi hatukijui, hii falsafa ilishapita hapa mjini, na haikuja kupitia mabwanyenye. Hernando de Soto, mchumi wa Peru, miaka ya 80 aliwatuma watu wake wasajili kakiwanda kadogo ka kushona nguo pembeni ya Lima wakifuata taratibu zote, ikawachukua siku 289. Hoja yake ikawa kwamba maskini mali anayo, nyumba anayo, biashara anayo, ila makaratasi ya serikali yamemfungia nje. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Milton Friedman na taasisi ya Cato ya Washington, ambayo ni ya walibertari waziwazi, na mwaka huo huo Tanzania ikaanza naye MKURABITA, ule mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Kama ulifaulu ama la hiyo ni habari ya siku nyingine, mimi binafsi naona hati peke yake bila benki inayoijali haimfikishi mtu mbali.

Halafu wanasema hawataki maskini asaidiwe. Wengine kweli hawataki kodi ya mtu itumike hivyo, Nozick yumo. Lakini Friedman mwaka 1962 alipendekeza kodi ya mapato igeuke, yaani mwenye kipato chini ya kiwango fulani serikali ndo imlipe yeye, pesa taslimu, ajipangie mwenyewe. Mtu wa hivyo ukimuonyesha pesa za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zenye masharti ya watoto kwenda shule na kliniki nadhani angeuliza masharti ya nini, mpe mama wa watu hela yake.

Eti ni wahafidhina, watu wa kung'ang'ania mambo ya zamani? Hayek 1960 aliandika insha nzima kueleza kwa nini yeye siyo mhafidhina. Hawataki serikali ikupangie cha kuvuta wala wa kulala naye. Tuendelee.

Dhana ya wazee wa vijiweni: Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, ndo alituletea ulibertari. Jamani. Kwanza milango ilianza kulegezwa 1984, Mwalimu akiwa bado Ikulu, waliokuwa na dola zao wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na daladala zilishahalalishwa 1983 baada ya UDA, shirika la mabasi la umma, kulemewa. Mkataba na IMF ukaja 1986 chini ya Mwinyi. Hakuna aliyekaa akasoma Hayek akashawishika, nchi haikuwa na fedha za kigeni, madukani sabuni hakuna, na wafadhili walikuwa na masharti. Na mpaka leo nauli ya daladala anapanga LATRA, bei ya juu ya petroli anapanga EWURA, zote mamlaka za serikali. Soko huria la namna hiyo mlibertari angelicheka.

Kuna wanaosema haina ushawishi kwa vile chama chao Marekani hakishindi. Ni kweli, mgombea wao Gary Johnson alipata kama asilimia 3 mwaka 2016 na hiyo ndo rekodi yao ya urais. Ila Friedman alikuwa kwenye tume iliyoishauri Marekani iache kulazimisha vijana jeshini, na mwaka 1973 wakaacha. Na Argentina walimchagua Javier Milei, anayejiita mlibertari, kuwa rais mwishoni mwa 2023. Hapo kila upande unachukua namba inayompendeza: mfumuko wa bei wa mwaka ulishuka kutoka asilimia 211 hadi 118 hapo Desemba 2024, lakini umaskini ulipanda mpaka karibu asilimia 53 nusu ya kwanza ya 2024 kabla ya kushuka hadi 38. Anayekutajia moja tu anakuuzia kitu.

Ya mwisho ni ile ya "ukishamiliki umemiliki, hakuna wa kukugusa". Nozick hasemi hivyo. Anasema mali ni halali kama ilipatikana kwa haki na kupita mikononi kwa haki, na kama kuna dhuluma huko nyuma lazima irekebishwe. Watu hukimbilia kuitaja 1971, majengo ya Upanga na Kisutu yalipotaifishwa, na wana hoja. Ila mbona wanaishia hapo? Mjerumani mwaka 1895 alitangaza ardhi isiyo na hati ni ya dola lake, Mwingereza 1923 akaiita ya umma chini ya gavana, na sheria yetu ya 1999 inaiweka mikononi mwa Rais kama mdhamini. Sasa kiwanja cha mjini unaanza kurekebisha mwaka gani? Nozick mwenyewe alikiri kanuni hiyo ya kurekebisha hakuikamilisha, na akaandika kwamba bila hiyo huwezi kuitumia nadharia yake kulaani mpango fulani wa kugawa mali upya. Ukurasa huo wanaomnukuu huwa wanauruka.