Mgongano wa njia za mkato: kitufe kinapochukuliwa kabla ya kufika kwenye terminali

Njia ya mkato ni kitufe au vitufe unavyobonyeza ili kutoa amri bila kugusa kipanya. Mgongano hutokea pale programu mbili zinapodai vitufe vilevile. Kwenye Linux wanaogombana mara nyingi ni msimamizi wa madirisha, yaani programu inayopanga, kusogeza na kufunga madirisha kwenye skrini, na terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Ugumu wake ni kwamba ugomvi huu hauna kelele. Hakuna ujumbe wa kosa. Kitufe kinapita kwanza kwa msimamizi wa madirisha. Kikiwa kwenye orodha yake anakichukua, na terminali haijui kabisa kwamba kuna kilichobonyezwa. Ni kama ndizi za Tukuyu zinazopelekwa Mbeya mjini: mnunuzi wa Uyole, njiani, akishusha mzigo wote, Mwanjelwa haifiki hata chane moja. Kwa hiyo usiulize kwanza programu ina ubovu gani. Uliza nani kakichukua njiani.

Tuseme kijana wa steshenari pale Kabwe amewekewa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye kompyuta ya mtumba. Kwenye terminali anafungua htop, programu inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, aone nini kinakula kumbukumbu. Chini ya skrini imeandikwa kwamba F10 ni ya kutoka. Anabonyeza, inafunguka menyu ya dirisha kule juu. Anabonyeza tena, menyu inajifunga, htop iko palepale. Atakuita, "Kaka, htop imegoma." Haijagoma, haijapewa F10. Na hapa mchukuaji si msimamizi wa madirisha, ni dirisha la terminali lenyewe, ambalo kwa kawaida limejiwekea F10 kuwa kitufe cha menyu. Nenda kwenye mapendeleo ya terminali uondoe alama ya tiki kwenye kisanduku cha kitufe hicho, basi. Kwa haraka, herufi q nayo inatoka kwenye htop.

Kumjua mchukuaji kuna kipimo rahisi ambacho kila fundi anapaswa kukizoea. Ukiwa kwenye bash, yaani programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, bonyeza Ctrl+V, kisha kitufe unachokishuku. Kama ni F10 na imefika, utaona ^[[21~ ikiandikwa. Isipoandikwa kitu, imechukuliwa juu. Hapo, kama mfumo wako wa madirisha ni X11 (si Wayland, ambako kipimo hiki hakiaminiki), fungua xev, programu inayoonyesha kila tukio linalofika kwenye dirisha lake, na ubonyeze tena kitufe hicho ndani ya kidirisha chake: badala ya tukio la kubonyezwa, ukiona FocusOut yenye neno NotifyGrab, kuna programu nyingine iliyokikamata, na mara nyingi ni msimamizi wa madirisha. Njia nyingine ni kuhamia kwenye skrini ya maandishi matupu kwa Ctrl+Alt+F3, ambako hakuna madirisha. Kitufe kikifanya kazi kule na huku hakifanyi, umeshapunguza washukiwa.

Kuna kisa kimoja kinachofanana na mgongano lakini sicho, nacho kinaumiza watu. Mtu amezoea kuhifadhi kazi kwa Ctrl+S. Anaibonyeza kwenye terminali, skrini inaganda. Anaona imekwama, anafunga dirisha, na kazi inapotea. Hakuna aliyemnyang'anya kitufe hapo. Ctrl+S tangu zamani inaiambia terminali isimamishe maandishi, na Ctrl+Q inayaachia. Bonyeza Ctrl+Q kwanza kabla ya kufunga chochote. Asiyeitaka tabia hiyo aandike stty -ixon kwenye .bashrc, faili ambalo bash hulisoma inapoanza.

Mgongano ukiwa ni wa kweli, nani aachie? Kwangu mimi ni msimamizi wa madirisha. Programu za terminali zimebanwa: zinategemea Ctrl na Alt, na hata Ctrl+I kwao kwa kawaida ni sawa na Tab. Alt+B na Alt+F ndizo za kurukia neno kwa neno kwenye bash. Msimamizi wa madirisha yeye anacho kitufe chenye alama ya Windows, ambacho kwa kawaida programu hizo hazikigusi. Ndiyo maana i3, mmoja wa wasimamizi wa madirisha, inapowashwa mara ya kwanza, inakuuliza uchague kati ya hicho na Alt. Chagua chenye alama ya Windows. Kwenye Ubuntu ya kawaida utahamisha njia za mkato moja moja kupitia mipangilio ya kibodi.

Anayefanya kazi kwenye seva ya mbali ana mgongano mwingine, wa tmux ndani ya tmux. Tmux ni programu inayogawa terminali moja kuwa nyingi, na Ctrl+B ndiyo inayotangulia amri zake. Ctrl+B inachukuliwa na tmux ya nje, iliyo kwenye kompyuta yako. Ibonyeze mara mbili, ya pili itapita hadi kwenye tmux ya ndani, iliyo kwenye seva.