Panya wa maabara na insulini ya saa zote: maswali kutoka Lamu

Ukitaja kisukari barazani Lamu, hukosi atakayesema kwamba panya wameshaponywa Ulaya, iliyobaki ni zamu yetu. Maswali yanayofuata huwa haya.

Panya anapataje kisukari, naye hali haluwa?

Hutiwa. Hudungwa dawa iitwayo streptozotosini, nayo huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kile kinachoshusha sukari ya damu. Zikishakufa sukari hupanda, mnyama hunywa maji na kukojoa bila kikomo, kisha hukonda, kama mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini. Njia hii ina wazee wake: mwaka 1889 Minkowski na von Mering, mjini Strasbourg, walimtoa mbwa kongosho akashikwa na kisukari. Mwaka 1921, Toronto, Banting na Best walijaribu insulini kwa mbwa, na Januari 1922 akadungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson.

Kwa nini panya asidungwe sindano kama sisi?

Hudungwa, ila taabu haziishi. Panya hula zaidi usiku, na mfanyakazi wa maabara huja asubuhi. Akimdunga saa hiyo, sukari itashuka mchana mnyama amelala na tumbo tupu. Usiku akianza kula, dawa imekwisha, kwa kuwa mwili mdogo huimaliza upesi. Tena kushikwashikwa kila siku humtia hofu, na hofu peke yake hupandisha sukari. Mtafiti atajuaje kama anapima ugonjwa au woga?

Ndiyo maana wengi huweka chini ya ngozi kipandikizi kinachoyeyuka polepole, au pampu ndogo.

Pampu isiyo na betri inasukumwa na nini?

Na chumvi. Ndani mna kifuko laini cha dawa, kikizungukwa na tabaka la chumvi, na nje ganda linalopitisha maji tu. Maji ya mwilini huvutwa na chumvi, tabaka huvimba na kukibana kifuko kama tui linavyokamuliwa kwenye kifumbu, dawa ikatoka kidogo kidogo kwa siku au wiki kadhaa. Kasoro zipo. Insulini ikikaa kwenye joto la mwili huelekea kugandamana na kuziba njia, na pampu hii haijui kama panya amekula au ana njaa. Kwa hiyo bado hutolewa tone la damu mkiani kupima.

Basi wamepona?

La. Pampu ikiisha, sukari hurudi. Seli zilizokufa hazikufufuka.

Je, ni haki kumtesa mnyama?

Swali zito, na si la daktari peke yake. Maabara yenye adabu hutakiwa kuwa na kamati ya maadili, kutumia wanyama wachache iwezekanavyo na kuwapunguzia maumivu. Mimi naona pampu ni afadhali kuliko sindano za kila siku, ingawa kuiweka ni upasuaji, na lazima mnyama apewe dawa ya usingizi.

Sisi tusio na pampu tunapata nini hapo?

Hapa ndipo pa kukaa. Kongosho lenye afya hutoa insulini kidogo saa zote, hata umelala, hata umefunga, kwa sababu ini nalo halikomi kumwaga sukari kwenye damu. Sindano ya insulini ya muda mrefu imewekwa kwa kazi hiyo, si kwa ajili ya sahani ya biriani. Nakereka kila nisikiapo mtu wa aina ya kwanza ameiacha kwa kuwa "leo sikula". Bila insulini mwili huchoma mafuta, ketoni, yaani mabaki ya mafuta hayo, hujaa, damu huwa na asidi, na mtu huanza kutapika, kuhema kwa nguvu, hata kupoteza fahamu. Mkimwona hivyo, hospitali saa hiyo hiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari tangu Shaaban. Huenda akapunguziwa kipimo, huenda akakatazwa kufunga, asijikatie mwenyewe.

Na joto letu hili, insulini itasalimika?

Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi hudumu wiki 4 hivi mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30. Soma karatasi yake. Umeme ukikatika, mtungi wa udongo uliolowa, kivulini penye upepo, husaidia kupoza. Ukipanda boti kwenda Faza, isikae juani, wala usiibandike kwenye barafu: iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.